Kula Italia kwa Treni za Mkoa: Mwongozo Kamili wa Bologna na Miji ya Emilia-Romagna Majira ya Joto

Wengi wanaokwenda Italia kwa mara ya kwanza hujibebesha ratiba nzito: Roma, Firenze, Venezia na Milano, zote ndani ya wiki moja. Kila baada ya siku mbili ni kufunga sanduku, kukimbilia stesheni na kutafuta hoteli nyingine. Chakula kinakuwa chochote kilicho karibu na geti la makumbusho, tena kwa bei ya mtalii. Ushauri wangu ni tofauti kabisa. Chagua mkoa mmoja na kitanda kimoja, kisha acha treni ndogo zikupeleke kula. Na kama safari ni ya kula, anza na mkoa wa Emilia-Romagna, makao yako yakiwa Bologna.

Sababu iko kwenye ramani. Mwaka 187 KK, konsuli Marcus Aemilius Lepidus alijenga barabara iliyonyooka kutoka Rimini, pwani ya bahari ya Adriatiki, hadi Piacenza. Miji ikakua kandokando yake: Cesena, Forlì, Faenza, Imola, Bologna, Modena, Reggio Emilia, Parma. Reli ilipojengwa karne ya 19 ikafuata mstari uleule. Ndiyo maana leo unaondoka Bologna baada ya kifungua kinywa, na nusu saa baadaye uko Modena, mji wenye siki yake, tambi zake na ubishi wake kuhusu nani anapika vizuri. Stesheni nyingi za njia hii ziko umbali wa kutembea kwa miguu hadi mji wa kale. Gari huhitaji.

Chagua mwezi kwanza, hoteli baadaye

Majira ya joto ya huko ni Juni hadi Septemba, lakini miezi hiyo haifanani. Bologna na Modena ziko kwenye bonde la mto Po, na mwezi Julai joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa anaujua unyevu huo, ila huku ndani hakuna upepo wa bahari wa jioni. Mbu nao wapo, kwa hiyo beba dawa ya kujipaka.

Agosti ina tatizo lake. Tarehe 15 ni Ferragosto, sikukuu ya taifa, na wiki za kabla na baada yake wenyeji wengi huenda likizo. Migahawa mizuri ya familia, ile hasa unayoitaka, hubandika karatasi mlangoni: *chiuso per ferie*, wamefunga kwa likizo. Pwani ni kinyume chake: Rimini hujaa na bei hupanda.

Kama una hiari, nenda nusu ya kwanza ya Juni au Septemba. Juni jua linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo unaweza kwenda mji wa jirani, kula cha jioni, na kurudi kukiwa bado kweupe. Septemba zabibu zinavunwa na joto limepungua. Kama likizo yako ni Agosti na haibadiliki, hamishia makao Ravenna au Rimini. Pwani hawafungi.

Viza na kufika

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na siyo chini ya siku 15 kabla. Kwa majira ya joto usingoje: nafasi za miadi huisha mapema. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu. Kukaa hoteli moja wiki nzima kunarahisisha hata makaratasi, maana uthibitisho wa malazi ni mmoja.

Bologna ina uwanja wake wa ndege, na treni ya juu iitwayo Marconi Express hukufikisha stesheni kuu kwa dakika zisizozidi kumi. Ukitua Roma au Milano kwa sababu tiketi ni nafuu, usiogope: treni ya kasi kutoka Roma Termini hufika Bologna kwa saa mbili na dakika chache, na kutoka Milano Centrale ni kama saa moja.

Elewa aina mbili za tiketi

Hapa ndipo wageni wengi hupoteza pesa, kwa hiyo soma taratibu.

Aina ya kwanza ni treni za kasi: Frecciarossa ya shirika la serikali Trenitalia, na Italo, kampuni binafsi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2012. Hizi zina kiti chenye namba, na nauli yake hupanda kadiri siku inavyokaribia. Nunua mapema, hata miezi miwili kabla, lakini kwa ile safari moja tu ya kuingia na kutoka Bologna. Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi hairudishwi wala haibadilishwi. Usiinunue kwa treni inayoondoka saa moja baada ya ndege yako kutua.

Aina ya pili ndiyo itakayokuwa rafiki yako: Regionale na Regionale Veloce, yaani treni za mkoa. Nauli yake hupangwa kwa kilomita, haipandi wala haishuki, na tiketi haziishi. Bologna hadi Modena ni kilomita 37, kwa euro nne au tano hivi. Parma, kilomita 90, bado iko chini ya euro kumi. Hakuna namba ya kiti. Unakaa palipo wazi. Treni nyingi za mkoa huu ni mpya, zina kiyoyozi na soketi za kuchaji simu.

Uhuru huo una sharti lake. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kilichofungwa ukutani au kwenye nguzo, kabla ya kupanda. Unaingiza ncha ya tiketi, kinatoa mlio, kinachapa tarehe na saa. Tiketi ya simu nayo inabidi uithibitishe kabla ya treni kuondoka, kwa kubonyeza kitufe ndani ya programu au kiungo ulichotumiwa kwa barua pepe. Mkaguzi akikukuta hujafanya hivyo, tiketi uliyolipia unahesabiwa huna, na faini ni makumi ya euro. Utetezi wa ugeni hausaidii. Ukisahau na tayari uko ndani, mtafute mkaguzi mwenyewe kabla hajakufikia.

Neno moja kuhusu mashine za kukatia tiketi: zina lugha kadhaa na zinapokea kadi. Akija mtu asiye na sare kukusaidia kubonyeza, mshukuru na umkatalie. Anataka bakshishi, au mwenzake yuko nyuma ya mkoba wako.

Kusoma stesheni ya Bologna

Ubao wa kuondoka umeandikwa *Partenze*. Wa kufika ni *Arrivi*. Ubao huonyesha kituo cha mwisho cha treni, siyo mji unaoutaka wewe. Ukitafuta neno Modena huenda usilione kabisa. Treni yako imeandikwa Piacenza, Parma au Milano Centrale, na Modena ni kituo cha njiani. Ya kwenda Ferrara mara nyingi huandikwa Venezia Santa Lucia. Ya kwenda Rimini huandikwa Ancona. Njia salama ni kushika namba ya treni iliyo kwenye tiketi au programu na kuitafuta hiyo.

Jukwaa ni *binario*, na kuchelewa ni *ritardo*, kwa dakika. Namba ya jukwaa ikiandikwa na neno Ovest au Est, ujue liko ncha ya magharibi au mashariki ya stesheni, mwendo wa dakika kadhaa kutoka ukumbi mkuu. Treni nyingi za kasi ziko chini kabisa ya ardhi, ngazi baada ya ngazi, kwa hiyo jipe robo saa.

Kabla hujatoka, tazama saa kubwa ya nje, upande wa magharibi, iliyosimama kwenye 10:25. Ndiyo dakika ambayo bomu lililipuka katika chumba cha kusubiria asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1980 na kuua watu 85. Kila mwaka tarehe hiyo wenyeji huandamana hadi uwanja wa mbele na kunyamaza. Ukiwa Bologna siku hiyo, simama nao.

Siku ya kwanza: Bologna yenyewe

Usipande treni siku ya kwanza. Mji huu una makumi ya kilomita za baraza zilizoezekwa kando ya barabara, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2021. Mwezi Julai utaelewa thamani yake: unavuka mji mzima kivulini. Ile ndefu kuliko zote hupanda mlimani hadi kanisa la San Luca, karibu kilomita nne zenye matao 666. Panda asubuhi na mapema.

Mchana nenda Quadrilatero, vichochoro vya soko nyuma ya Piazza Maggiore. Katika maduka ya tambi za mkono utaona kinamama wakikata tagliatelle kutoka kwenye unga wa mayai uliosukumwa hadi ukawa mwembamba kama karatasi. Mwaka 1972 kipimo chake kiliwekwa rasmi kwenye Chemba ya Biashara ya mji: upana wa milimita 8 ikishaiva. Tagliatelle huliwa na ragù, mchuzi wa nyama uliochemka kwa saa nyingi. Spageti zenye mchuzi huo, ambazo dunia nzima huziita za Bologna, wenyeji hawazitambui. Mgahawa unaoziweka kwenye picha ya mlangoni upite.

Usiku, wiki nyingi za majira ya joto, Piazza Maggiore hugeuka sinema ya wazi, bure. Nunua aiskrimu, tafuta kiti mapema.

Modena, nusu saa magharibi

Ondoka mapema ili ulikute soko la Albinelli, lililofunguliwa mwaka 1931, lingali na pilikapilika za asubuhi. Kanisa kuu na uwanja wa Piazza Grande viko hatua chache kutoka hapo.

Lakini cha Modena ni siki, na inafaa uitembelee acetaia, mahali inapotengenezwa. Nyingi hupokea wageni kwa miadi ya barua pepe. Utapandishwa darini, chini ya vigae, mahali penye joto kali kuliko nyumba yote. Pale kuna safu ya mapipa ya mbao, kubwa likifuatiwa na dogo hadi la mwisho linaloweza kubebwa kwapani: mwaloni, mcheri, mforosadi, mreteni, kila mti unaacha ladha yake. Ndani kuna maji ya zabibu yaliyopikwa, hakuna kingine. Joto la Julai ndilo linalofanya kazi: linakausha maji polepole kupitia tundu la pipa lililofunikwa kitambaa tu. Baridi ikifika, pengo la pipa dogo hujazwa kutoka pipa linalofuata kwa ukubwa, na hivyo hivyo hadi la kwanza. Hii hurudiwa kwa miaka isiyopungua 12, au 25 kwa ile iitwayo *extravecchio*. Utaonjeshwa tone kwenye kijiko: nzito, nyeusi, tamu na kali kwa pamoja.

Ukienda kununua, soma lebo. *Aceto Balsamico Tradizionale di Modena* yenye alama ya DOP ndiyo hiyo ya mapipa, huuzwa kwenye chupa ya mililita 100 na bei yake ni makumi ya euro. *Aceto Balsamico di Modena* yenye alama ya IGP imechanganywa na siki ya mvinyo, na inaweza kukomaa kwa siku 60 tu. Ya pili inafaa kwa kachumbari ya kila siku. Kosa ni kulipia ya pili kwa bei ya kwanza.

Parma na jibini

Karibu saa moja kutoka Bologna. Viwanda vidogo vya Parmigiano Reggiano, *caseificio*, viko nje ya mji, kwa hiyo panga teksi au basi kutoka stesheni, na weka miadi. Kazi ya kupika hufanyika asubuhi tu. Ukifika saa tano utakuta masufuria yanaoshwa. Maziwa ya jioni yaliyoenguliwa krimu huchanganywa na ya asubuhi ndani ya sufuria kubwa za shaba zenye umbo la kengele iliyopinduliwa. Donge linalotoka hukatwa vipande viwili, na kila sufuria huzaa magurudumu mawili ya jibini, ya takriban kilo 40 kila moja. Kisha magurudumu hukaa kwenye maji ya chumvi wiki kadhaa, halafu rafuni kwa miezi isiyopungua 12. Mkaguzi huyagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza: sauti ikibadilika, kuna ufa ndani.

Mjini, kula *tortelli d'erbetta*, tambi zilizojazwa jibini laini na mboga ya majani, zikiogelea kwenye siagi. Kisha ingia Battistero, jengo la marumaru ya waridi, upoe.

Ferrara, Ravenna na bahari

Ferrara ni ya baiskeli: kodi moja karibu na stesheni, zunguka kuta za mji, kilomita tisa hivi chini ya miti, halafu ule *cappellacci di zucca*, tambi zilizojazwa boga. Nusu siku inatosha.

Ravenna inastahili siku nzima. Safari ni zaidi kidogo ya saa moja. Michoro ya vijiwe vya rangi ndani ya kanisa la San Vitale na kaburi la Galla Placidia ni ya karne ya 5 na ya 6, na ndani ya majengo hayo mnene kuna ubaridi ambao mwezi Julai utaubariki. Funika mabega unapoingia kanisani. Beba kanga au skafu kwenye mkoba.

Kutoka Ravenna reli ndogo inashuka na pwani hadi Rimini, ikipitia Cesenatico, mji wa wavuvi wenye mfereji ambao Leonardo da Vinci aliuchora mwaka 1502. Hapo kula samaki wa kuchoma. Rimini ina daraja la Tiberius, lililokamilika mwaka 21 BK na bado linavukwa, na ufuo mrefu uliogawanywa viwanja vya kulipia mwavuli na kitanda. Sehemu za bure zimeandikwa *spiaggia libera*.

Ukanda huu wa pwani ni wa piadina, mkate bapa unaopikwa juu ya chuma kama chapati na kukunjwa na jibini laini na majani ya rucola. Huuzwa vibandani, na ni mlo kamili kwa euro chache.

Nguruwe: uliza kabla hujaagiza

Hili nalisema wazi kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili ni Waislamu, na Emilia ni nchi ya nguruwe. Prosciutto, mortadella, salame na culatello zote ni nguruwe. Tortellini zina nguruwe ndani hata zikija kwenye supu ya kuku. Ragù mara nyingi ina pancetta, nayo ni nyama ya nguruwe. Mafuta ya nguruwe, *strutto*, hujificha pasipotarajiwa: ndani ya piadina ya kawaida, mkate wa Ferrara wa pembe nne uitwao *coppia*, na maandazi ya chumvi ya *gnocco fritto*. Wengi wa vibanda hutengeneza pia piadina ya mafuta ya zeituni, omba *all'olio*. Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hiyo anayechunga hilo aamue mapema. Mchuzi wa samaki mara nyingi huwekwa mvinyo; wa kuchoma, *alla griglia*, ana mambo machache.

Maswali mawili yanatosha: *C'è maiale?* na *C'è strutto?* Wahudumu hujibu bila kukasirika. Palipo salama zaidi ni tortelloni za ricotta kwa siagi na majani ya sage, cappellacci za boga zilizopikwa vivyo hivyo, na samaki. Mtaa wa Bolognina, nyuma ya stesheni, una bucha na migahawa ya wahamiaji yenye nyama halali.

Meza, saa na bili

Jiko hufunguliwa karibu saa sita na nusu mchana na kufungwa saa nane na nusu. Jioni hakuna mlo kabla ya saa moja na nusu. Ukikosa dirisha hilo, duka la mikate, *forno*, litakuokoa. Kahawa inywe ukisimama kaunta. Ukikaa mezani bei inaweza kuongezeka maradufu. *Coperto* kwenye bili ni ada ya kukaa mezani, euro mbili au tatu kwa kichwa, na ni halali. Bahasha ya bakshishi juu yake hailazimiki. Siyo lazima uagize mlo wa hatua zote. Sahani moja ya tambi na mboga pembeni ni mlo, na kwa joto lile ni ya kutosha.

Chupa ya maji ijaze kwenye mabomba ya mitaani, ni ya bure na salama, isipokuwa palipoandikwa *non potabile*.

Migomo

Neno la kulijua ni *sciopero*. Wafanyakazi wa reli hugoma mara kwa mara, lakini mgomo hutangazwa siku kadhaa kabla, na siku za kazi treni za mkoa zilizo kwenye orodha ya lazima hutembea kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Tazama tovuti ya Trenitalia kila usiku. Ukilala Bologna, mgomo unakupotezea siku moja ya matembezi, basi. Aliye na hoteli mpya Venezia usiku huo ana shida kubwa zaidi.

Kubeba nyumbani

Nunua jibini siku ya mwisho, sokoni, siyo uwanja wa ndege. Omba ya miezi 24 au 30, maana imekauka na inastahimili safari kuliko changa. Mwambie muuzaji *sottovuoto* naye ataifunga kwenye plastiki iliyonyonywa hewa. Kagua kwanza masharti ya forodha ya nchi yako kuhusu vyakula vya maziwa. Siki iache ndani ya boksi lake, izungushie nguo, na uiweke katikati ya sanduku la kukabidhi.